Kiti cha Martini

Jumanne ile Davis aliamka vizuri tu, na hilo ndilo linaloniudhi kila nikikumbuka. Hakuota ndoto mbaya wala hakujikwaa mlangoni. Mke wake Happiness alimkaangia mihogo, akammiminia chai ya rangi yenye tangawizi, naye akaketi kwenye kiti chake kuinywa. Nasema kiti chake kwa sababu nyumbani kwa Davis, pale Rusimbi, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kiti kile cha mninga chenye mikono mipana kilikuwa cha mtu mmoja. Mgeni akikisogelea, Happiness anamwahi: "Hapo hapana, hapo ni pa baba Diana." Binti yao Diana, wa miaka tisa, ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa, naye hakai kwenye kiti chenyewe. Hukaa juu ya mkono wa kiti, anamvuta baba yake sikio na kumsimulia mambo ya shule.

Davis alikuwa fundi wa pikipiki, na fundi kweli kweli, ila mdomo wake jamani! Alikuwa mtu wa kununa, mtu wa kuweka neno moyoni mwaka mzima. Tena alikuwa na goti la kulia lisilokunjika, liliumia zamani likaungwa vibaya, kwa hiyo kuchuchumaa hawezi. Ndiyo maana kazi yake ilikuwa na mwanzo mmoja. Umpelekee pikipiki imeungua taa, umpelekee imeziba kabureta, kwanza anang'oa kiti. Anakilaza chini, anakikalia, ananyoosha goti lake, ndipo anauliza tatizo ni nini. Watu walimcheka kwamba anakalia mali za wateja kama yuko sebuleni kwake. Hakujali hata kidogo.

Akiwa katikati ya chai, simu ikaita. Alikuwa Nathaniel, mkuu wa kituo kimoja cha kupima maji ya ziwa kule Ilagala. Nathaniel ni mtu wa kuja, alihamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine na mpaka leo hajaisamehe Kigoma.

"Fundi, njoo uniwashie lile dude. Alhamisi nina wageni."

"Dude lipi, mkuu?"

"Usinipotezee muda. Unalijua." Akakata.

Davis alilijua. Ni ile pikipiki ya matairi manne, mashine nene ya kupanda milimani pasipo na barabara, ambayo watu wa kituo huitumia kufika kwenye vijito vya kando ya ziwa. Kipande cha muhogo kikamkwama kooni, Happiness akamgonga mgongo.

Hapa lazima niwarudishe nyuma mwezi mmoja, na msinikatize.

Mwezi mmoja kabla, Davis alikwenda kituoni hapo kubadilisha chujio la hewa la mashine hiyo hiyo. Dereva wake aliitwa Martini, mtoto wa pekee wa mama mjane wa palepale Ilagala. Martini alimkuta Davis amekalia kiti chini ya kivuli, akamfokea mbele ya wafanyakazi wote. "Inuka hapo! Kiti hicho nakikalia mimi huu mwaka wa tisa, hata mkuu hakigusi. Wewe ni fundi au ni mgonjwa?" Watu wakaangua kicheko. Davis akanyanyuka na goti lake, macho mekundu, akakibamiza kiti mahali pake, akakipiga ngumi, akafungasha vifaa na kuondoka bila kuaga.

Sasa, kiti cha mashine zile hakina bolti. Mbele kina ndimi mbili zinazoingia chini ya chuma, nyuma kina loki. Unakisukuma mbele, unakikandamiza nyuma, loki inalia: ta! Ikilia, umemaliza. Isipolia, kiti kimelala tu pale juu, hakijashikwa na kitu.

Siku ile loki haikulia.

Jioni akiwa nyumbani, Davis alikaa kwenye kiti chake cha mninga akifuta spana zake moja moja. Namba kumi haikuwepo, ile aliyoichonga herufi D. Akajua palepale iko wapi. Ilikuwa chini ya kiti cha Martini, imelala juu ya chuma, na ndiyo iliyozuia loki isishike. Akachukua simu. Namba alikuwa nayo, ameiandika "Martini Ilagala". Ni maneno machache tu: usipande, kiti hakijafunga. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupigia. Halafu akasikia tena kile kicheko cha watu. "Acha aanguke kwenye matope kidogo, ashike adabu," akasema peke yake. Akaweka simu juu ya mkono wa kiti, akaomba chakula.

Asubuhi yake Martini hakuanguka kwenye matope. Alipanda na mashine ule mlima wa mawe juu ya ziwa, kiti kikachomoka kwa nyuma yeye akiwa juu yake, wakaenda chini pamoja. Watu walisema mashine hizi ni za hatari. Hakuna aliyesema neno juu ya kiti. Davis alikwenda msibani kama wengine, akatoa rambirambi, akapewa wali akala. Ndiyo, alikula, tena akaongeza.

Basi Jumanne ile kukataa kwenda ingekuwa kujitangaza. Alimuaga Happiness, akambusu Diana utosini, akawasha pikipiki yake mwenyewe akashika njia ya Ilagala.

Alifika saa nne. Getini alimkuta Oswald, mlinzi wa kituo, mtu mzima mpole asiyependa maneno mengi. Siku hiyo Oswald alikuwa na maneno. Alimfuata Davis mpaka kwenye banda la nyuma ambako mashine ilifunikwa turubai, akazungumza kwa sauti ya chini huku akitazama nyuma.

"Fundi, kile kiti ukiache."

"Nitafanyaje kazi bila kufungua kiti?"

"Kiache. Mama yake Martini alikuja siku ya tatu baada ya kuzika. Mama Agnesi. Kwao mtu akifa, *intebe* yake, kigoda chake, kinapinduliwa miguu juu, na hakiinuliwi mpaka mrithi akalishwe. Anasema Martini nyumbani hakuwa na kigoda. Kigoda chake ni hiki. Akanifanya nimletee, akakipindua kwa mikono yake, akakifunga kitambaa cheusi."

"Na mrithi ni nani?"

"Hakuna. Martini hakuacha mtoto, hana ndugu. Nilimuuliza mama nani atakaa." Oswald akatazama nyuma tena. "Akaniambia, atakuja mwenyewe."

Davis alicheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Kabla hajajibu, Nathaniel alitokea mlangoni mwa ofisi, funguo zikimning'inia kidoleni. "Habari za kigoda hizo? Jana nimekirudisha mwenyewe, na huyu mlinzi aliyekataa kunisaidia nimemwandikia barua. Ushirikina mtafanya majumbani kwenu. Fundi, nataka dude lingurume. Sikukuita kuja kupiga soga." Akaingia ndani na kubamiza mlango. Oswald akamtazama Davis mara moja, akarudi getini kwake.

Davis akavuta turubai.

Mashine ilikuwa imepinda usukani, imechubuka ubavu, matope ya siku ile bado yamekauka kwenye matairi. Kiti kilikuwa mahali pake. Ngozi yake nyeusi ilikuwa imebonyea katikati pale Martini alipokaa miaka tisa. Davis akapitisha mkono chini ya mkia wa kiti, akatafuta kijiti cha loki, akavuta.

Hakikutoka.

Akavuta tena. Akaweka goti zima kwenye tairi na kuvuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Huyu ni mtu aliyeng'oa viti elfu. Akachukua bisibisi kubwa akaingiza kwa ubavu, bisibisi ikapinda. Jasho likaanza kumtiririka, na hasira zikampanda. "Toka, shetani we!" akakipiga kiti kofi.

Ta!

Kiti kikaachia chenyewe. Kilinyanyuka nyuma kidogo, upana wa kidole, kikatulia. Davis alibaki ameshika hewa. Alijiambia loki ilikuwa na kutu. Ni kweli, loki huwa zinapata kutu. Akakishika kiti kwa nyuma, akakinyanyua, akakivuta kwake ndimi zikatoka, akakipakata.

Kilikuwa na joto.

Mashine ilikuwa bandani, kivulini, chini ya turubai, wiki nne. Na kiti kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Davis akakitupa chini.

Kisha akatazama pale kilipokuwa. Juu ya chuma, katikati kabisa, ilikuwepo spana. Namba kumi. Ilikuwa imefungwa kitambaa cheusi, kimezungushwa mara nyingi kwa uangalifu na kupigwa fundo, ila kichwa kimeachwa wazi, na kwenye kichwa herufi D ilikuwa imefutwa matope ikang'aa. Mtu aliikuta. Mtu aliijua ni nini. Kisha akairudisha palepale, akamngojea mwenyewe.

Alikichana kitambaa kwa meno, akaitia spana mfukoni, akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Na hapo, ndugu zangu, Davis akafanya kile alichokifanya maisha yake yote bila kufikiri. Alikiona kiti kimelala chini. Akakikalia. Akanyoosha goti.

"Amekaa."

Sauti ilitoka nyuma ya uzio wa miti. Mama Agnesi alikuwa amesimama hapo, mwembamba, kaniki ya msiba imefungwa kifuani, kibuyu kidogo mkononi. Hakuna ajuaye alisimama hapo tangu lini. Akapita kwenye upenyo wa uzio, akaja taratibu.

"Shikamoo mama," Davis akasema, na sauti ikamtoka nyembamba.

Hakuitikia. Akainama karibu naye mpaka Davis akaona mboni zake, kavu, hazina hata chozi.

"Ungepiga simu," akanong'ona. "Alikuwa macho. Usiku ule alilala saa nne. Ungepiga simu."

"Mama, mimi sikujua..."

"Mwanangu ulimtoa kwenye kiti chake. Sasa kaa wewe."

Davis alitaka kunyanyuka. Mwili haukumtii. Mama Agnesi akachovya vidole viwili kwenye kibuyu, akampaka majimaji ya baridi kwenye paji la uso, akayashusha mpaka kidevuni kama anavyonawishwa mtoto. Kisha akamwita. Hakumwita Davis. Alimwita kwa jina la mwanawe, mara tatu, polepole, na mara ya tatu Davis akajisikia anaitika.

"Naam mama."

Akatabasamu. Meno yake machache yakaonekana. "Umechelewa," akasema. "Nilikuwekea chakula." Akageuka, akapita kwenye upenyo ule ule, akapotea.

Ndipo miguu ikamrudia. Alinyanyuka kwa pupa, akapepesuka, akashika nguzo ya banda. Kitu cha kwanza alichokiona ni kivuli cha nguzo hiyo. Alikaa saa nne na nusu asubuhi, kivuli kikiwa upande wa magharibi. Sasa kilikuwa kimerefuka kuelekea mashariki. Jua lilikuwa limevuka. Yeye aliona amekaa kwa muda wa kufunga kamba za viatu.

Akakimbilia getini. Pikipiki yake haikuwepo.

"Oswald! Pikipiki yangu iko wapi?"

Oswald alinyanyua uso. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Pikipiki gani, Martini? Ya fundi wameshaipakia garini pamoja naye."

"Pamoja na nani?"

"Pole, ndugu yangu. Najua umemuona anaanguka. Nenda ukapumzike kwa mama."

Davis akamshika kola. Akamtikisa. "Mimi ni Davis! Umeniona asubuhi, umeniambia kiti nikiache!" Oswald alimwacha amtikise, hakupigana naye. Alikuwa anamwonea huruma. Nathaniel akachungulia dirishani. "Martini! Mwache mlinzi. Mtu amefia mikononi mwetu, halafu wewe unaleta fujo. Kesho saa mbili nakutaka kazini." Dirisha likafungwa.

Akaingiza mkono mfukoni atoe simu. Simu aliyotoa haikuwa yake. Yake ni ya vitufe, imefungwa raba nyekundu. Hii ilikuwa ya kioo, kioo kimepasuka kuanzia kona hadi kona, na katikati ya nyufa kulikuwa na vumbi la mawe. Mfuko wa pili ulikuwa na spana namba kumi. Hiyo ilibaki.

Alikimbia mpaka barabarani akiburuta goti. Kijana wa bodaboda alisimama bila kuitwa. "Twende, Martini. Unakwenda kumzika fundi?" Davis alipanda, akafumba macho, na njia nzima hakuyafumbua kwa sababu kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki kulikuwa na uso, na hakutaka kuutazama mara mbili.

Alitaka kitu kimoja tu. Afike Rusimbi, aingie ndani mwake, akae kwenye kiti chake, Diana apande kwenye mkono wa kiti na kumvuta sikio. Mtoto hadanganyiki. Happiness huenda akababaika, lakini mtoto atamjua.

Yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu, maana mimi nilikuwepo. Habari zilitufikia saa saba mchana kwamba Davis ameanguka na mashine akiijaribu kule Ilagala. Nani alipiga simu ile mpaka leo hatujui. Saa kumi na moja uwanja wake ulikuwa umejaa, wanawake ndani, sisi wanaume kwenye mabenchi nje. Akashuka mtu kwenye bodaboda. Sisi tulimwona Martini, dereva wa Ilagala, ambaye kwa kumbukumbu zetu hakuwahi kufa, yule aliyefanya kazi na marehemu siku hiyo. Alikuwa ametapakaa vumbi. Tulisimama tukampa mkono wa pole. Alitupita sote, akaingia sebuleni na viatu.

Kiti cha mninga kilikuwa katikati ya chumba, miguu juu.

Aliyekipindua hajulikani. Happiness alidhani ni shemeji zake, shemeji zake walidhani ni Happiness, nasi Rusimbi hatuna desturi hiyo. Mtu yule alisimama mbele ya kiti akitweta. Happiness akanyanyua uso kutoka mkekani.

"Karibu, kaka Martini. Asante kwa kuja," akasema, sauti imekauka. "Nieleze. Mume wangu alikufaje?"

"Happiness, ni mimi."

Wanawake wakatazamana.

"Ni mimi, baba Diana! Asubuhi umenikaangia mihogo, ikanipalia, ukanigonga mgongo!"

Happiness akavuta kanga mdomoni, akajisogeza nyuma mpaka ukutani. Alikuwa anaogopa. Mtu yule akageuka kumtafuta mtoto. Diana alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameshika simu ya baba yake iliyoletwa pamoja na vitu vya marehemu, ile ya raba nyekundu.

"Diana. Mama. Njoo unishike sikio."

Diana alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo anko."

Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile. Alitoa simu yake iliyopasuka, akasema atatuonyesha, namba yake anaijua kwa kichwa, atajipigia na sisi tutaelewa. Nini tungeelewa, sijui. Alibonyeza. Mkononi mwa Diana simu ya raba nyekundu ikaanza kuita.

Mtoto akasoma kioo.

"Mama," akasema taratibu, "anayepiga ni Martini Ilagala."

Hapo mtu yule akakirukia kiti. Alikishika miguu akitaka kukigeuza, akipiga kelele kwamba ni chake, akikaa tu yataisha, aachwe akae. Shemeji wa Happiness wakamrukia. Mimi nilishika mkono wa kushoto, nawaambieni ukweli, na nilimkunja vibaya. Tulimburuta mpaka barabarani. Mtu mmoja akampiga teke. Alituita mmoja mmoja kwa majina, nami akaniita kwa jina ambalo Davis peke yake huniita, nikadhani marehemu alimsimulia. Tukamrusha kwenye bodaboda ile ile, ikamrudisha Ilagala. Kule, wanasema, mama yake alikuwa amesimama njiani na sahani iliyofunikwa.

Tulizika kesho yake. Hatukuruhusiwa kufunua. Nilibeba jeneza upande wa kichwa, na lilikuwa jepesi mno kwa mtu wa umbo la Davis.

Mimi haya yote ningeyasahau kama si siku ile niliyokwenda Kibirizi kununua dagaa, miezi mitano baadaye. Penye kivuli cha mizani nilikuta mashine ya matairi manne imeegeshwa ikisubiri pipa la mafuta. Dereva wake alikuwa anasafisha betri. Alikuwa ameng'oa kiti, amekilaza chini, amekikalia. Mguu wa kulia ameunyoosha.

Martini tuliyemfahamu alikuwa anacheza mpira kila Jumapili. Magoti yake yalikuwa mazima.

Nikaenda nikasimama mbele yake. Uso ulikuwa wa Martini kabisa, siwezi kuwadanganya. Hakushangaa kuniona. Akatoa mfukoni spana namba kumi yenye herufi D, akaigeuzageuza, na yeye ndiye aliyenisimulia kila mlichosikia hapa, kwa kunong'ona, bila kunitazama. Hakunilaumu kwa ule mkono. Ningeona afadhali angenilaumu. Mwishoni nikamuuliza kwa nini asikimbie mji, asiende mbali.

"Mama ananipikia," akasema. "Nisipokula analia." Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Na kila jioni napiga ile simu."

"Simu ipi?"

Alinyanyuka, akarudisha kiti, akakikandamiza kwa mikono miwili. Nilisikiliza. Sikusikia kitu. Akapanda hivyo hivyo, akaondoka kuelekea mlimani.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Happiness. Kiti cha mninga bado kiko sebuleni miguu juu, hakuna anayethubutu kukigusa, Diana anakizunguka akipita. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Ilipotimia saa moja, kabatini kukaanza kuita. Happiness aliinamisha macho. Alisema huita kila siku saa hiyo, na yeye hajawahi kupokea, kwa sababu betri ya simu ile Diana aliitoa siku ya arobaini, iko kwenye kopo la vifungo.

Nikafungua kabati. Raba nyekundu, kioo kinawaka, na jina ni lile. Nikapokea.

Kwanza ulikuwa upepo wa mlimani. Halafu sauti. Haikuwa ya Martini. Ilikuwa ya Davis, jirani yangu kwa miaka kumi na moja, imekauka kwa kurudia.

"Davis, usipande. Kiti hakijafunga. Davis, kiti hakijafunga."

Ikakatika. Happiness alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kifuani.

"Ni nani?" akaniuliza.

Nilimtazama, nikamtazama mtoto, nikatazama kile kiti. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

"Wamekosea namba, shemeji," nikasema.

Nikairudisha simu kabatini. Ilikuwa na joto.